Kitenge cha Kilio Dirishani

Siku ya pili, kitenge cha dirishani kikaanza kunuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi ile.

Mauwa akajisemea ni unyevu tu wa hizi bloki za Anderlecht, hapa Brussels. Jana yake, hospitali walimdunga mama yake, Alphonsine, mkononi dawa ya rangi inayoamshwa na mwanga, kisha laser ikapigwa ndani ya jicho ili rangi izibe mishipa inayovuja. Ndilo jicho lililobaki. La pili lilishakufa. Daktari akasema cinq jours, siku tano, bila jua, la sivyo ngozi itaungua. Mauwa hakuhitaji maelezo. Ana licence, digrii ya kemia, lakini Brussels nzima imemwona anafaa kufagia tu, na hata ufagio hajapewa. Pazia zito hawakuwa nalo, basi akatundika kitenge cheusi mama alichovaa kwenye kilio cha papa, baba yake Mauwa.

"Hamukukichoma?" tantine Mignonne, mama yake mdogo, akanong'ona Mauwa alipompigia simu kule Matonge, mtaa wa Wakongo, kumweleza ile harufu. "Na masomo yako yote? Pepo ya kilio haina mwili, Mauwa. Inavaa nguo."

"Nikikitosha dirishani, jua itachoma maman."

"Bon, tafuta nguo ingine. Leo."

Nyuma ya Mauwa kiti cha papa kikalia, taratibu, kama kinapokea mtu mzito.

Akapekua sanduku. Nguo nyeusi ilikuwa moja: toga, joho lake la kumalizia masomo. Alau wewe upate kazi, akaiambia. Akamfunika mama blanketi mbili, akatundika toga haraka mahali pa kitenge, akakichoma kitenge ndani ya sufuria kwenye balkoni. Harufu ikaisha. Mama akalala.

Saa tatu jioni jua la Juni, ambalo huku Ulaya huchelewa kuzama, lilikuwa bado linawaka nje, na Mauwa, aliyekaa kitandani akihesabu pumzi za mama yake, akasikia pumzi ya mtu wa tatu, ndefu, yenye udongo kooni, ikitoka dirishani, akainua macho akaona mkono wa toga ukijaa polepole kutoka begani, kiwiko kikapinda, na pale kitambaa kinapoishia kikatokea kidole, kisha kingine.

"Mauwa," mama akasema kwa sauti ndogo, yenye furaha kidogo. "Jicho inaona muzuri sasa. Ni nani ule amevaa toga yako?"

Mauwa akasimama, akakamata pindo la toga aivute. Uzi wa jua ukapenya, ukaangukia shavu la mama, na mama akalia.

Akaliachilia pindo. Zilibaki siku tatu za kukaa bila jua.

Vile vidole vikamshika mkono, kwa upole, kama vya mwenye nyumba anayepokea mgeni.