Niliutambua Mluzi wa Gari Letu Nikiwa Maisaka

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini na mitatu. Ni fundi cherehani, naishi hapa Babati mjini, kata ya Bagara. Nimechoka, wasomaji wenzangu. Sio uchovu wa kazi, kazi nimeizoea... Nimechoka kulizungusha jambo hili kichwani kila siku, peke yangu, nikiwa na pasi mkononi. Leo nalitua hapa ili na ninyi mnisaidie kulibeba kidogo.

Mume wangu nitamwita Baba Neema, kwa jina la binti yetu mkubwa. Alikuwa na gari dogo la dizeli, kuukuu, lakini ndilo lililotulisha. Alibeba mizigo ya watu wa sokoni. Anapanda nalo Dareda mpaka kule juu Mbulu, anashuka na vitunguu saumu, viazi na maharage. Mizigo ikichelewa, analala hukohuko. Sikuwahi kuwa na wasiwasi. Mtu anahangaika kutafuta riziki, umwekee wasiwasi wa nini?

Shida ya lile gari ilikuwa mlima. Likianza tu kupandisha, moshi mweusi, kukohoa, bodaboda zinalipita huku abiria wanageuka kutazama. Baba Neema alikuwa anaona aibu. Basi akaona kwenye simu yake watu wanajitengenezea bomba la kuvutia hewa ya baridi. Akanikalisha chini akanieleza kwa shauku, utadhani mimi ndiye fundi gereji. Eti injini inavuta hewa mlemle ndani ya boneti penye joto, na hewa ya moto haiipi dizeli nafasi ya kuungua vizuri. Ukiiletea hewa ya baridi kutoka mbele, nyuma ya bampa, inapata nguvu. Vya dukani hatuviwezi, akasema, lakini tukitengeneza wenyewe, Mama Neema...

Tukitengeneza wenyewe! Alisema "tuki", wala hakusema "niki". Mwenzenu nikayeyuka palepale.

Mnajua bomba alilitoa wapi? Kwenye mfereji wangu wa maji ya mvua! Lile la plastiki linaloshusha maji kutoka kwenye bati hadi kwenye pipa. Nilipiga kelele, akacheka, akaapa ataninunulia lingine. Mpaka leo nalisubiri.

Kulikunja ndio ilikuwa kazi. Alilijaza mchanga mkavu ili lisibonyee, akaziba ncha zote mbili kwa matambara, kisha tukawa tunalizungusha juu ya jiko la mkaa. Mimi nimeshika upande mmoja, yeye upande mwingine. Lilipolainika tukalikunja taratibu, huku ananihimiza, "Vuta, vuta... hapohapo, shikilia!" Niliungua kidole gumba. Akaacha kila kitu akakishika kile kidole akawa anakipuliza, na watoto wanatucheka. Jamani, hatukuwa tumeshikana mikono mchana kweupe tangu enzi za uchumba.

Baada ya hapo akanionya kwamba chembe ya mchanga ikibaki ndani, injini imekwisha. Basi nililisugua lile bomba kwa brashi ya chupa, nikasuuza, nikasugua tena, nikalianika, nikachungulia ndani kama natafuta sindano. Chujio tulilifanya kwa sponji ya godoro. Nikalishonea mfuko kwa shimizi langu jeupe la zamani, nikaupiga mashine mara mbili na kuutia lastiki mdomoni. Nikamtania kwamba kwenye mshono wangu hapiti vumbi wala shetani. Tulicheka sana siku ile.

Alipolifunga na kuliwasha, gari likapiga mluzi!

Sio honi, mluzi. Ukikanyaga mafuta, lile bomba linavuta hewa kwa sauti nyembamba ndefu, halafu akiachia linashusha pumzi, fyuuu. Kama kweli lilipata nguvu mlimani sijui, yeye alisema limepata. Lakini mluzi kila mtu aliujua. Gari likiwa bado kule kona ya kuingilia kwetu, mwanetu mdogo Deo anaruka: "Baba huyo!" Neema anainjika maji ya kuoga. Majirani walinitania, "Mama Neema, mzee wako anakuita." Nami nilikuwa natabasamu kichinichini. Nilijiona nina bahati, na kusema kweli nilikuwa nayo, kwa muda.

Safari za kulala zikaongezeka. Eti gari sasa lina nguvu, na kazi zimekuwa nyingi. Nilifurahi. Mjinga mimi, nilifurahi!

Siku moja gari liko uani, nikasema ngoja nimfulie lile chujio, barabara zina vumbi. Nikafungua boneti. Mfuko wangu mweupe haukuwepo... Palikuwa na mfuko mwingine, wa kitambaa laini chenye vibata vidogo vya njano, kama vile vya shuka za watoto wachanga. Umeshonwa kwa mkono na uzi mwekundu, hatua ndefundefu, fundo moja mwishoni.

Mimi ni fundi, jamani. Mshono wa mtu ni kama mwandiko wake. Nilijua palepale kwamba ule ni mkono wa mwanamke, tena mwanamke aliyekaa chini akatulia, akashona bila haraka.

Nikamuuliza. Akajibu bila hata kunitazama kwamba mfuko wangu ulichanika safarini, fundi wa gereji akamsaidia na kitambaa alichokuwa nacho. Nikasema sawa.

Wasomaji, nilisema sawa! Nilisimama pale nimeshika vibata mkononi, roho inaniambia kitu, mdomo unasema sawa. Nikajipa moyo kwamba huenda fundi ana mtoto mchanga, huenda mkewe ndiye aliyeshona. Nikajitungia maelezo mazuri kuliko aliyonipa yeye mwenyewe. Nikaufua ule mfuko, nikaukausha, nikaurudisha. Kwa mikono yangu!

Miezi ikapita. Kukawa na harusi ya binti wa mteja wangu mmoja, Mama Jeni, anayekaa Maisaka, upande mwingine wa mji huuhuu wetu. Akaniomba niende nyumbani kwake niwapime wasimamizi wa harusi wote kwa pamoja. Baba Neema alikuwa ameondoka jana yake. Aliniaga kwamba anapanda Mbulu, viazi ni vingi, atarudi baada ya siku mbili.

Nikawa nimepiga magoti sebuleni kwa Mama Jeni, futi shingoni, pini mdomoni, nampima binti mmoja urefu wa gauni. Ndipo nikausikia. Mbali kidogo kwanza. Halafu ukakata kona... halafu fyuuu.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, niwaambie ukweli. Nilidhani amerudi mapema. Nilidhani amesikia niko Maisaka akanifuata! Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote, kwamba kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha.

Mluzi ukaishia nyumba ya pili. Nikasikia sauti ya mtoto mdogo ikipiga kelele nje, "Baba! Baba huyo!"

Mama Jeni akacheka. Akasema huyo ni jirani yao, Baba Kelvini, amerudi kutoka safari zake, na kale katoto kakisikia lile gari hakashikiki. Alisema kwa wema tu, masikini. Mimi kwake nilikuwa fundi wake wa Bagara, hakujua mume wangu ni nani.

Nikanyanyuka. Nikasogea dirishani, pini bado mdomoni.

Niliona gari letu. Nilimwona Baba Neema akishuka, mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu amemning'inia miguuni. Na nilimwona mwanamke, kijana kuliko mimi lakini si sana, akitoka nyuma ya nyumba na beseni la maji yanayotoa mvuke. Alikuwa ameshayapasha. Mluzi uliposikika akayamimina, kama tunavyomwandalia sisi nyumbani! Na juu ya kamba ya nguo ilikuwa imeanikwa shuka ya mtoto, ya vibata vya njano, imekatwa pembe moja.

Mlitegemea nitoke nikapige kelele, sivyo? Hata mimi nilitegemea. Nilirudi nikapiga magoti, nikaendelea kumpima yule binti. Akaniuliza, "Shangazi, mbona umepima palepale mara tatu?" Nikamjibu ni njaa tu.

Siku mbili zilipokwisha akarudi nyumbani, mluzi kama kawaida, Deo akakimbilia nje kama kawaida. Nilimwacha aoge, ale. Kesho yake asubuhi, watoto walipokwenda shule, nikamwambia mambo matatu tu: Maisaka, Kelvini, shuka ya vibata. Hakubisha. Mwanaume mzima alikaa chini kwenye sakafu akalia. Mwanamke yule, kumbe, alidanganywa kwamba mimi na Baba Neema tulishaachana zamani. Nilitaka kumchukia, nikakosa hata nguvu za kumchukia.

Baba yake mdogo alikuja, wasimamizi wetu wa ndoa walikuja. Vikao, maombi, machozi. Akaapa mbele yao wote kwamba atamhudumia mtoto, mtoto hana kosa, lakini kwa mama yake hatakanyaga tena. Nikasamehe. Sikusamehe kwa sababu ya vikao. Nilisamehe kwa sababu ya kile kidole alichonipuliza. Mwanamke anaweza kuishi na kitu kidogo namna ile kwa miaka, mtaniambia nini!

Na kuna jambo sikumwambia mtu. Nilikuwa najituliza na ule mluzi. Nilijiambia kwamba mwanaume mwenye gari la aina ile Babati hii hawezi kujificha. Akienda Maisaka, Maisaka nzima itajua. Basi nikawa nashona huku sikio liko barabarani.

Haikupita muda mrefu. Mchana mmoja niko kwenye cherehani barazani, nimeinama, nikasikia mtu ananiambia, "Habari za kazi, Mama Neema." Nilishtuka nusura nijichome sindano. Baba Neema huyo, amesimama mbele yangu. Nikamuuliza amekuja na nini. Akajibu, "Na gari." Nikatazama, kweli, gari liko pale getini limezimwa, na mimi sikusikia kitu!

Nikainuka nikafungua boneti. Lile boksi la zamani la chujio limerudishwa mahali pake, limefungwa vizuri kabisa. Bomba letu nililikuta nyuma ya banda la kuku, limetupwa kwenye majani.

Akaanza kunieleza kwamba ameambiwa linaharibu injini, linaingiza vumbi, fundi kasema. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza swali moja tu.

"Baba Neema, nani unataka asikusikie?"

Akaanza kuchezea funguo... Nikajua. Hakuwa ameacha. Alikuwa amelinyamazisha gari.

Sikulia siku ile. Nilimkunjia nguo zake vizuri, nikazipiga pasi hata mashati, nikamwambia aende panapomsubiri. Aliondoka. Sasa anaishi Maisaka, watoto anawasalimia mara mojamoja, ada analeta akikumbushwa. Gari lake likipita barabarani silijui tena, limekuwa kama magari mengine yote. Deo bado linapopita gari la dizeli anainua kichwa, halafu anakiinamisha. Hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Dada zangu, mama zangu, nawaomba. Sisemi mpekue simu, wala mfungue maboneti ya watu. Nasema hivi: siku utakayoshika mkononi mshono usio wako, usiseme sawa. Uliza siku hiyohiyo, na ukipewa jibu la ovyo, liite la ovyo. Mimi niliufua ule mfuko wa vibata nikaurudisha mahali pake, na miezi yote iliyofuata nilikuwa namsaidia kunidanganya. Msifanye kama mimi!

Na ninyi kaka zangu, mkijua mtaondoka, ondokeni bila kutuita kwanza tuje tushike upande wa pili wa bomba.

Lile bomba nimelirudisha kwenye mfereji wangu. Neema alisema mama nunua lingine, hilo limepinda. Nikamwambia lilikuwa langu kabla halijawa la gari. Kona tuliyoikunja haitoki tena, mvua ikinyesha maji yanamwagika pembeni ya pipa. Nimeweka beseni pale.