Ziwa Nyuma ya Mama Godelive

Mama Godelive hukaanga samaki mbele ya nyumba yake, hapa Bunia. Samaki hao hutoka Kasenyi, kwao, kando ya ziwa. Yeye mwenyewe hajarudi huko tangu vita vilipomfukuza. Mdogo wake Vicky alivuka maji akakimbilia Uganda, akazaa huko.

Wiki hii Vicky alituma sauti kwa telefone: "Yaya, dada yangu, Jumapili tunabatiza mutoto. Hajaona kwetu hata siku moja. Mumuonyeshe ziwa kwa video, na weye usimame mbele ya maji."

Njia ya kwenda Kasenyi haikuwa salama. Mchuuzi mmoja wa samaki aliwapa video ya ufuko wa huko.

"Mama, tutalileta ziwa hapa," akasema mwanawe Davy.

Telefone yake ilikuwa na programu inayofuta rangi ya kijani na kuweka picha nyingine mahali pake. Akapigilia kitambaa cha kijani ukutani, akawasha taa moja. Mama akaegemea kitambaa, akaongea huku Davy akimrekodi.

Walipotazama, mama alishika kiuno. "Davy! Sikio langu iko wapi? Umewapa samaki?"

Kweli, sikio lilikuwa limekatwa. Nyuma yake vipande vyeusi vilielea juu ya maji kama takataka.

"Vicky akiona hii atalia," mama akasema. Kesho ilikuwa Jumapili.

Davy akamwita jirani yao Annie, anayepiga video za harusi. Annie alitazama ukuta, akaguna.

"Davy, mudomo ya fundi, kazi ya mutoto! Telefone inatafuta kijani moja. Weye umeipa ya mwanga, ya kivuli na ya mikunjo. Itajua gani?"

"Na sikio?"

"Ulibandika mama kwa kitambaa. Kijani ikamurukia, telefone ikafuta na sikio."

"Basi tufanye namna gani?"

"Piga kitambaa pasi, ukivute vizuri. Taa moja kushoto, moja kulia, zimulike kitambaa sawasawa. Mama asimame mbali nacho, kivuli yake ianguke chini. Halafu yeye naye apate taa yake, mbele."

Mama akaenda kubadilisha nguo, akarudi na kitenge chake kizuri cha kijani. Annie akacheka. "Mama, na hicho utageuka maji. Vaa chekundu."

Wakaazima taa, wakafanya hivyo. Mama akamsemesha mtoto ambaye hajawahi kumbeba. Walipotazama, sikio lilikuwa mahali pake. Maji yalitulia nyuma ya mabega yake, safi, bila doa. Mama aligusa kioo cha telefone kwa kidole kimoja. Kisha akamwambia Davy amtumie Vicky.

Baada ya ubatizo Vicky alijibu, akicheka na kulia pamoja.

"Yaya, uko muzuri sana! Mutoto amekuona. Lakini sogea kidogo. Unatufichia kwetu."

Mama Godelive akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho.

"Davy, washa taa."

Safari hii alisimama pembeni kabisa, akaacha kando yake nafasi ya mtu mmoja, ya Vicky.