Makopo ya Maji Moto

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Pilipili aligeuza mayai yake kwenye mashine ya kutotolesha iliyokuwa chumbani kwa shangazi yake, fundi cherehani. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya hasira zake, naye alilipenda.

Jumamosi moja ya baridi kali umeme ulikatika. Shangazi alibandika maji kwenye jiko la mkaa, akatandika vitambaa ndani ya boksi.

"Hamishia mayai humu, kisha uyazungushie makopo ya maji," alisema. "Maji yawe vuguvugu tu, na kila kopo ulivishe kitambaa."

Mara akaingia Kasuku, mvulana wa nyumba ya pili, amekumbatia mayai ndani ya sweta. "Shikamoo, shangazi. Yangu yanapoa."

"Marahaba, mwanangu. Pilipili, yapange pamoja na yako."

Pilipili alimtazama kwa chuki. Muhula uliopita Kasuku aliacha wazi mlango wa banda la Pilipili, paka akala vifaranga wote. Kisha akawachekesha wenzao darasani kwa kusema kwamba Pilipili anafuga paka. Leo atanikoma, aliwaza.

"Sawa, shangazi," alijibu, kwa upole ambao ungepaswa kumtia shangazi wasiwasi.

Mayai yake, yenye alama ya penseli, aliyaweka katikati. Ya Kasuku aliyapanga pembeni, akayafunika yote, akaenda jikoni kujaza makopo. Maji yalikuwa yakitokota. Alirudi akainua pindo la kitambaa, akayachomeka makopo pembeni bila kuyavisha chochote. Alifurahi, tusifichane. Alitaka Kasuku alie kama alivyolia yeye.

"Ulipokuwa jikoni nimekubadilishia," Kasuku alisema taratibu. "Yako nimeyaweka pembeni, yawe karibu na joto. Wale vifaranga wako bado wananiuma, ila nilishindwa kukuambia."

Pilipili aligeukia boksi. Akinyamaza, mayai yake yanaiva. Akisema, amejiumbua.

"Shangazi, yatoe makopo," alisema huku akilia. "Ni ya moto sana. Nilitaka yaungue ya Kasuku."

Shangazi aliyatoa upesi. Aliligusisha kila yai kwenye kope ya jicho lake kupima joto. Yaliyokuwa yameungua aliyaweka kando. Kasuku naye akaanza kuyavisha makopo vitambaa.

Umeme ulirudi alasiri. Wiki iliyofuata mayai ya Kasuku yalianguliwa yote. Ya Pilipili yalianguliwa machache.

"Kukasirika ulikuwa na haki," shangazi alimwambia walipokuwa wakiwapa vifaranga maji. "Ungemwendea ukamwambia amekuumiza, angekuomba radhi zamani. Wewe uliinyamazia hasira mpaka ikatafuta wa kumuunguza, na wa karibu kuliko wote ulikuwa wewe mwenyewe."