Shamira na Kompyuta Iliyokataa RAM

Kila siku baada ya masomo, Shamira alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao ya msingi mjini Koboko. Alifungua madirisha, akapangusa meza kwa kitambaa kikavu, kisha akaondoa shuka lililoifunika kompyuta ya klabu ya wanafunzi. Ilikuwa mashine ya zamani, nzito kama gunia la mihogo, na ilipowashwa ilinguruma kwanza kabla ya kuamka. Hata hivyo, wanafunzi waliipenda sana.

Siku hizo waliipenda zaidi. Walikuwa wamemaliza kutengeneza filamu yao wenyewe kuhusu kuchemsha maji ya kunywa. Akram, rafiki yake Shamira, aliigiza mtu wa kijijini huko Lobule anayekunywa maji ya kijito na kuugua tumbo. Wazazi walikuwa wamealikwa kuja kuitazama siku ya Jumanne. Shida ilikuwa moja tu. Filamu ilipochezwa, picha ziliganda, sauti ikakatikakatika, na Akram akabaki kwenye skrini ameshika tumbo bila kupona wala kufa.

"Kompyuta haina ugonjwa mkubwa," alisema Mwalimu Anguzu, mlezi wa klabu. "RAM yake ni ndogo. RAM ndiyo meza ambayo kompyuta hufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, vitu vinabanana. Kamati ya wazazi imekubali tuongeze nyingine. Shamira, si unakwenda Arua na mama yako kesho?"

"Ndiyo, Mwalimu!" Shamira aliruka kwa furaha.

"Vizuri. Chukua pesa hizi na bisibisi hii. Fungua kasha, utoe RAM iliyomo, uende nayo dukani ili fundi aione. Kompyuta za zamani huchagua. Hazikubali kila kitu."

Mwalimu alipoondoka, Shamira alianza kufungua kasha. Skrubu ya kwanza ilikuwa na kutu. Aliizungusha hadi kiganja kikamwuma, lakini haikutikisika. Nje wenzake walikuwa wakicheza mpira wa wavu na kumwita. Akaiweka bisibisi mezani. "RAM ni RAM," alijiambia, akatoka mbio.

Jumamosi asubuhi, mama yake, Zam, alipokuwa akichagua vitenge katika soko la Arua, Shamira aliingia kwenye duka la kompyuta lililokuwa karibu. Fundi wake alikuwa mwanamke kijana aitwaye Daisy. Alikuwa ameinamia kompyuta iliyofunguliwa, lakini alimkaribisha kwa tabasamu. Shamira akamweleza kuhusu kompyuta yao ya zamani.

"Mnataka RAM? Ziko nyingi. Lakini kompyuta yenu inatumia aina gani? Mmeifungua mkaangalia?"

Shamira alitazama kabati la kioo. Vipande vilivyopangwa humo viliandikwa DDR3. Aliona aibu kusema kwamba skrubu ilimshinda.

"Tumeangalia, anti. Ni DDR3."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Daisy alimtazama kidogo, kisha akapokea pesa, akafunga kipande kimoja kwenye mfuko na kumpa.

Alasiri, Mwalimu Anguzu na Akram walikuwa wakimsubiri shuleni. Mwalimu alipaka mafuta kidogo kwenye skrubu, akangoja, akaizungusha. Ikalegea! Kasha likafunguka, nao wote watatu wakachungulia ndani kama watu wanaochungulia kisima. Kwenye bodi kuu kulikuwa na nafasi mbili za RAM. Moja ilikuwa na RAM ya zamani, na ya pili ilikuwa tupu.

"Niache niiweke mimi!" Akram alisema. Akaishika RAM mpya, akaisukuma kwenye nafasi tupu. Haikuingia. Akaigeuza, akasukuma tena kwa nguvu. Bodi ikalia, kwaa!

"Acha!" Shamira alipiga kelele na kumshika mkono. "Utaivunja!"

Mwalimu aliichukua RAM, akailinganisha na ile ya zamani. Kila moja ilikuwa na pengo dogo ukingoni, lakini mapengo hayakuwa mahali pamoja. Uso wake ukabadilika.

"Huyu fundi ametuuzia kitu kisicho chetu! Ameona mtoto, akampa alichotaka. Namba yake iko hapa kwenye mfuko. Ngoja nimpigie simu anieleze vizuri."

Shamira angeweza kunyamaza. Daisy alikuwa mbali, Arua, na hakuna mwingine aliyesikia maneno yao. Lakini alikumbuka lile swali, *Una hakika?*, na jinsi Daisy alivyomwamini. Mwalimu alikuwa tayari ameiweka simu sikioni.

"Mwalimu, kosa si lake," alisema. "Ni langu. Sikufungua kompyuta. Skrubu ilinishinda nikakata tamaa. Aliponiuliza, nilimdanganya."

Akram aliangalia viatu vyake. Mwalimu alishusha simu taratibu, akaikabidhi kwa Shamira.

"Basi mweleze mwenyewe."

Shamira alieleza yote huku machozi yakimlengalenga. Upande wa pili, Daisy alicheka bila hasira.

"Mwanangu, nilishangaa kompyuta ya zamani hivyo iwe na DDR3. Lakini ulisema umeona, nami nikakuamini. Sasa shika ile ya zamani, unisomee kilichoandikwa."

Shamira aliisogeza dirishani penye mwanga. "DDR2," alisoma, akaongeza tarakimu zote zilizofuata, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

"Sawa. Hiyo iko dukani. Jumatatu nitampa dereva wa basi awaletee, na nyinyi mnirudishie ile kwa dereva huyohuyo."

Jumatatu mchana kifurushi kilifika. Safari hii Shamira hakuharakisha. Alichomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usiharibu kitu, kisha akalinganisha mapengo. Yalikuwa sawasawa! Aliibonyeza RAM polepole mpaka vishikizo vikalia, ta, ta. Akram akarudisha waya, akawasha.

Bip! Bip! Bip! Skrini ikabaki nyeusi.

"Hata hii imekataa!" Akram alilalamika. "Kesho wazazi wataona nini?"

"Ngoja," Shamira alisema. Macho yake yalikuwa yaking'aa. "Tusibahatishe. Tumwulize anti Daisy."

Mwalimu Anguzu, aliyekuwa nao, akampigia, na Daisy akawaambia wajaribu RAM moja moja. Waliiondoa ile mpya, kompyuta ikawaka. Wakaiweka mpya peke yake katika nafasi ya kwanza, ikawaka pia.

"RAM zote ni nzima!" Shamira alipaza sauti. "Basi ubaya uko kwenye nafasi ya pili!"

Akamulika kwa tochi ya simu ya Mwalimu. Ndani ya nafasi hiyo, ambayo haikuwahi kutumika, mlikuwa na vumbi jekundu na utando wa buibui. Akram alitoka mbio na kurudi na pampu ya baiskeli yake. Wakapuliza, fuu, fuu, mpaka vumbi likawatia chafya. Shamira akarudisha RAM zote mbili, akahakikisha vishikizo vimekaza, akawasha.

Bip moja fupi. Kisha skrini ikajaa mwanga.

"Imekubali! Imekubali!" Walirukaruka, na Mwalimu Anguzu naye akajikuta akipiga makofi.

Jumanne chumba kilijaa wazazi, wengine wakasimama madirishani. Filamu ilikwenda kama maji mtoni. Akram alipojipinda kwa maumivu ya tumbo, bibi mmoja kutoka Lurujo alisema kwa sauti, "Mpeleke hospitali huyu mtoto!" na watu wote wakaangua kicheko. Filamu ilipokwisha, walitaka irudiwe.

Zam alimkumbatia binti yake. Mwalimu Anguzu akawakusanya wanafunzi wa klabu.

"Shamira alikosa mara mbili," alisema. "Aliacha kazi njiani, kisha akasema uongo ili kuficha. Lakini alisema ukweli kabla sijamgombeza mtu asiye na hatia. Angenyamaza, tungegombana na fundi wetu, na leo mngekuwa mnaangalia skrini nyeusi. Wanangu, kutojua si aibu. Aibu ni kusema unajua huku hujui. Na kosa linalosemwa mapema, hutengenezeka mapema."

"Nimesikia, Mwalimu," Shamira alijibu, safari hii akimtazama usoni. "Na anti Daisy nimempigia simu asubuhi kumshukuru. Amesema likizo niende dukani kwake, anifundishe kazi tangu mwanzo."