Pompe ya gari yenye ilianguka

Haikunifikia miye, ilifikia Bintu, rafiki yangu wa mutaa wa Kasha, lakini mpaka leo niko na hasira. Gari yao ya mazutu, ile dizeli, ilikuwa inazimika kila ikipanda mulima. Fundi Télesphore akasema pompe ya kuvuta mazutu imekufa, akafunga ingine ya okazio, yenye ilishatumika. Bintu alilalisha mutoto kwenye kiti cha mbele, kando ya kile cha shofere. Mvua ilikuwa imetia garaje giza.

Télesphore aliinama kwenye moteri, akapiga kifungo cha pompe na mukono ili hewa itoke: chwi, chwi, chwi.

"Papa, hii pompe uliitoa wapi?" Bintu akamuuliza.

"Kwa gari yenye ilianguka njia ya Kamituga, shofere akafa. Maman, chuma haina muzimu!"

"Na ulituambia inatoka Ulaya! Muongo weye! Mutoto wangu iko humu ndani! Acha kupiga, toa mukono!"

Télesphore akainua mikono yote mbili, nyeusi na mafuta, akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta.

Chwi. Chwi. Kifungo kiliendelea kushuka na kupanda chenyewe. Na kila kikishuka, mutoto alicheka, macho yake kwenye kiti cha shofere, penye hakukuwa mutu.