Mbwa Aliyeitwa Sitaki

Jumamosi nyumbani kwetu haina mjadala. Vyombo vya mchana vikishaoshwa, mama anatupia begani kimia chake, wavu wa kurusha kwa mkono, baba anabeba ndoo, mimi nashika kamba za mbwa wawili, tunashuka ufukweni kuvua chambo. Tusipopata vidagaa siku hiyo, kesho yake wazazi wangu hawana cha kutia kwenye ndoana, na mashua inabaki nchi kavu.

Mbwa mkubwa tunamwita Mstaafu, maana kazi yake ni kulala. Mdogo ni Sitaki. Alipoletwa akiwa mtoto alikataa maziwa, akakataa boksi, akakataa hata kubembelezwa, basi baba akasema huyu jina amejipa mwenyewe. Lakini kazini hana mpinzani. Mama huingia kwenye maji ya magotini, hukunja kimia kwenye kiwiko na kuuma pindo kwa meno. Kundi la samaki likikaribia, anatikisa kichwa, nasi tunamwita mbwa kwa jina. Sitaki anazunguka kwa nje, vidagaa vinakimbilia kwa mama, na kimia kinafunguka na kuvifunika. Akiitwa mapema, samaki wote wanatawanyika.

Mwezi uliopita Sitaki aliwahi kuruka mapema akimfukuza ndege. Baba akaapa kwamba akirudia, atampa fundi wa injini za mashua, ambaye karakana yake iko palepale ufukweni na siku nyingi alitaka mbwa wa kufungwa mlangoni. Baba akisema kitu, kimesemwa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimenuna mpaka mashavu yanauma. Nina miaka kumi na miwili, mikono yangu ina nguvu, na kwa mara ya tatu nilikuwa nimeomba kurusha kimia. Mama akanijibu bado, nikae na ndoo. Bado, bado, kila siku bado! Nikakaa mchangani kama niliyesusiwa na dunia nzima.

Mara maji yakawa meusi kwa samaki. Mama alikuwa ameshainama tayari. Kabla ya kuuma pindo, bila kugeuka, akaniambia nisogeze ndoo kivulini, chambo tulichopata mwanzo kisife kwa jua.

"Sitaki," nikasema.

Sikupaza sauti, na mawimbi yalilimeza neno kabla halijamfikia mama. Mbwa alilisikia. Alichomoka, kamba ikaniponyoka, akajitosa majini katikati ya kundi. Kufumba na kufumbua hapakuwa na samaki hata mmoja.

Baba akauliza kumetokea nini. Kwa uso mkavu nikamwambia mbwa amenichomoka tu. Sitaki akatoka majini akitikisa mkia, akisubiri kupapaswa kichwa kama kawaida. Baba hakumpapasa. Alikwenda moja kwa moja karakana.

Fundi akaja na mnyororo, anacheka. Alisema aliwaambia zamani, mbwa na uvuvi wapi na wapi. Mama akamjibu kwamba mbwa huyo amevua samaki wengi kuliko yeye na injini zake zote. Lakini neno la baba hakulipinga. Fundi akainama, na Sitaki, maskini, akanyoosha shingo mwenyewe, akafungwa akidhani ni mchezo. Hapo nikashindwa kuendelea kukaa, nikasimama.

"Mtoe huo mnyororo," nikasema. "Hakuruka kwa kutaka kwake. Mama aliniambia nisogeze ndoo, mimi nikasema sitaki, yeye akadhani nimemwita. Halafu nikadanganya. Kama kuna wa kufungwa, nifungeni mimi."

Fundi aliangua kicheko. Baba hakucheka. Alinitazama, nami nikamtazama vilevile, ingawa machozi yalikuwa yananitiririka. Mwishowe akaufungua mnyororo kwa mikono yake, akamrudishia fundi.

Mama akasema maji yanakupwa, imebaki nafasi moja. Nilisogeza ndoo kivulini bila kuambiwa. Baba akanipa kazi ya kuita. Tulisimama muda mrefu hadi miguu ikafa ganzi. Kundi likatokea kwa mbali, ulimi ukaniwasha, nikaubana kwa meno. Likasogea. Likasogea tena. Mama akatikisa kichwa, nami nikaita kwa nguvu zangu zote. Sitaki alizunguka kama aliyechorewa mstari, kimia kikatua, na ndoo ikajaa.

Mama alipokuwa anasuuza kimia, aliniita, nikachuchumaa kando yake.

"Kukataa si kosa, mwanangu. Waliponicheka eti mwanamke harushi kimia, niliwakatalia, na mpaka leo narusha. Lakini kuna sitaki ya uvivu. Hiyo unaisema umekaa, na anayeumia ni mwingine. Na kuna ile unayoisema umesimama, uko tayari kuumia wewe. Leo umezisema zote mbili. Shika hiyo ya pili."

Nikamwambia nimesikia. Fundi bado alikuwa amesimama pale, anauzungusha mnyororo mkononi. Akasema kwa upole kwamba mbwa hodari namna ile ni hasara kumwacha majini, na akaniomba mimi mwenyewe, eti binti mzuri, nimpe mbwa huyo walau kwa wiki moja.

Nikasimama.

"Sitaki," nikamwambia.

Mbwa akainuka mchangani, akajikung'uta, akamlowesha fundi suruali nzima, kisha akaja kusimama kando yangu.