Yuliana Aliyechoma Nyasi

Jogoo alikuwa hajawika niliposikia mfuniko ukigusa sufuria jikoni, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Nikajifunga kanga, nikaenda.

Yuliana, mke wa mjukuu wangu Ildefonsi, alikuwa anafunika uji. Kifurushi chake kilikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Safari ya wapi, mama?"

"Nakwenda kwetu Lundo. Lori la dagaa linarudi ziwani leo. Uji wako huu, nimeutia karanga."

Miezi mitano tu ya ndoa. Nikaketi.

"Ni neno la jana?"

"Umemsikia mwenyewe, Bibi. Amesema bora angeoa Mmatengo mwenzake."

Nilisikia. Hata kuku walisikia.

Shamba letu la mteremkoni lilikuwa limelala miaka mitatu, tangu mume wangu afariki. Wakati huo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameruhusiwa, na mmoja wao, Dunstan, alilitaka ajenge ghala. Mwenyekiti Methodi akatuambia: "Jumamosi kamati inakuja. Tukikuta ngoro, shamba ni lenu. Tukikuta pori, anapewa mwingine."

Ngoro ni mashimo yetu ya mlimani, yanayozuia mvua isibebe udongo. Mwanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzipanga miraba miraba. Mwanamke hufuata na jembe, akichimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Bila nyasi kavu hakuna ngoro. Ildefonsi alifyeka, zikakauka vizuri, akaenda Mbinga mjini kutafuta mbegu za maharage. Jumatano aliporudi alikuta majivu. Yuliana alikuwa amezichoma zote.

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Kwetu tunachoma, ndipo tunapanda muhogo," akasema. "Nilitaka arudi akute shamba safi, apumzike."

Nikamshika mikono. Viganja vilikuwa vimejaa malengelenge.

"Haya ya nini?"

"Moto ulitaka kurukia kahawa ya Mama Getrude. Niliuzima kwa matawi."

"Ildefonsi ameviona?"

"Hakuuliza."

Akanipa karatasi aliyomwandikia mumewe, akatoka. Sikumfungia mlango. Aliyeumizwa humshiki kwa nguvu.

Ildefonsi alipoamka aliisoma kwa sauti: "'Nisamehe kwa shamba la babu. Usimwache Bibi anywe uji uliopoa. Yuliana.'"

"Aende," akasema. Lakini karatasi hakuiachia.

"Uliviona viganja vyake?"

"Viganja gani?"

Nikamweleza. Akainama.

"Kosa ni langu pia," nikasema. "Nilimfundisha kupika chakula chetu, sikumfundisha nyasi zetu."

"Hata akirudi, Bibi, nyasi mbichi hazikauki kwa siku mbili. Shamba limekwenda."

Nikatazama juu, kwenye paa la nyasi la jiko, jeusi kwa moshi.

"Zile zimekauka tangu babu yako aliezeke."

"Jiko lako? Na mvua hizi?"

"Panda juu kabla sijabadili mawazo."

Alipoanza kubomoa, jirani yetu Getrude akaja mbio.

"Emerensiana, umeamua kupika pamoja na malaika?"

Nikamwambia yote, pamoja na kahawa yake iliyookolewa. Akaondoka. Baadaye akarudi na mzigo wa nyasi kichwani.

"Paa la banda la mbuzi," akasema. "Nao watalala na malaika."

Jua lilipopanda, Ildefonsi alikuwa anapanga miraba. Mimi nikashika jembe. Shimo la tatu mgongo ukakataa, na Getrude naye si msichana. Nilitazama mteremko ule mrefu, nikahesabu siku, hazikutosha.

Ndipo tukasikia mtu anakimbia.

"Bibi! Mko salama?" Yuliana alikuwa anahema. "Nimeona kutoka barabarani jiko halina paa! Nikadhani nimeacha moto, nimewaunguzia na nyumba!"

Getrude alicheka mpaka akakaa chini.

"Na lori?" nikauliza.

"Limekwenda."

Ildefonsi akashuka, nyasi bado mkononi.

"Nionyeshe viganja."

Yuliana akavificha nyuma. Ildefonsi akavifuata, akavishika, akavitazama.

"Nilisema neno baya."

"Ulilisema mbele ya Bibi."

"Basi mbele ya Bibi nalifuta. Nisamehe, mke wangu."

Yuliana akajifuta macho kwa bega. "Jembe liko wapi?"

"Kwa viganja hivi?"

"Vya nani vingine? Kamati ni Jumamosi."

Ildefonsi akachana shati lake, akamfunga viganja. Kisha akachukua jembe la pili, akaanza kuchimba pembeni yake.

"Mwanaume anachimba ngoro!" Getrude akapiga kigelegele. "Haya, ndiyo soko huria hilo!"

Ijumaa mvua ilininyeshea uji. Niliunywa hivyo hivyo. Wao walichimba mpaka jioni.

Jumamosi kamati ilikuja, na Dunstan nyuma yao, viatu vinang'aa.

"Mwenyekiti, udongo huu ni wa jana," akasema. "Wametuigizia tu."

Methodi akapiga goti. Akaingiza mkono kwenye tuta, akavuta unyasi mmoja, akaunusa. Nilimshika Yuliana mkono.

"Huu una masizi."

"Ni paa la jiko langu, Mwenyekiti," nikasema.

Akageuka, akatazama ng'ambo ya bonde. Jiko langu lilikuwa limesimama pale, fito tupu. Akavua kofia.

"Bwana Dunstan, mtu hafukii paa lake kwa ajili ya maigizo. Katibu, andika: shamba lina wenyewe."

Nikapiga kigelegele.

Walipoanza kuondoka, Yuliana, ambaye hakuwa amefungua mdomo mbele ya kamati, akawafuata hatua mbili.

"Mwenyekiti, maharage yakikomaa, mje tena kwetu. Tutawapikia."

"Mtapika wapi, mama?" Methodi akatania. "Jiko halina paa."

"Ndiyo maana nasema mje tena, paa likisharudi."